Maziwa ya Mwanatumu

Ukifika Shika Adabu, Likoni, asubuhi, watu wakiwa wamepanga madumu yao penye bomba, usiulize nyumba ya Mwanatumu binti Badi. Utaonyeshwa, lakini kabla hujaonyeshwa utaambiwa. Utaambiwa kuwa huyo ndiye mwanamke aliyembemenda mwanawe. Kwamba alikwenda nje ya ndoa mtoto angali kwenye ziwa, uchafu ukaingia maziwani, na mtoto akaharibika akili. Kisha msemaji atashusha sauti, atatazama nyuma, na kuongeza kuwa binti wa pili, aliyelelewa mbali akawa mzima wa afya, naye aliharibika mara tu alipotia mguu katika nyumba ile.

Maneno hayo yamekaa Likoni miaka mingi, na wanaoyasema leo wengine walikuwa hawajazaliwa. Nayo ni uwongo, mwanzo hadi mwisho. Ukweli ni huu.

Mwanatumu aliolewa mwaka wa 1980, akiwa na miaka kumi na tisa. Babake alikuwa mkwezi wa minazi, mamake Mdigo wa hapo hapo Shika Adabu. Shule hakuijua. Chuo cha Kurani alifika juzuu ya kwanza, mamake akaugua miguu, akatolewa ili asuke mikeka badala yake. Posa ilipokuja kutoka Port Reitz, kwa watu wa Bi Nana, jirani zake walisema nyota yake imeng'aa. Watu wa Bi Nana walikuwa wa ukoo wa Mji wa Kale, waliohamia bara na sinia zao za shaba na majivuno yao. "Sisi hatukuzaliwa bara," Bi Nana alipenda kusema, "sisi tulihamia."

Kabla ya posa, Bi Nana alituma wanawake wawili kuuliza ukoo. Waliuliza nyumba saba. Je, kwa kina Badi kuna wazimu? Kuna ukoma? Kuna mchawi? Walirudi wameridhika. Lakini upande wa Mwanatumu hakuna aliyevuka kwenda kuuliza. Nani angeuliza ukoo wa watu wa mjini? Ingekuwa sawa na kuuliza kama chumvi ina chumvi. Laiti wangeuliza.

Mume mwenyewe, Jaffar, alikuwa karani wa ghala bandarini. Mtu mrefu, safi, mpole, asiyemtazama mtu usoni. Akizungumza nawe, macho yake huwa kwenye begi lako, au ukutani, au kwenye viatu vyake. Kila meli iliyofunga gati tangu aanze kazi aliijua kwa jina, siku na shehena. Wali wake aliwekewa sahani yake, samaki sahani yake, mchuzi sahani yake. Vikigusana, alinyanyuka akaenda zake na njaa. Wageni wakija, aliingia chumbani akajifungia.

"Mwanangu ana haya," Bi Nana aliwaambia watu. "Hata mimi mamake hajanikazia macho tangu nimzae."

Na Mwanatumu, mjinga wa watu, aliona fahari. Wenzake walikuwa na waume waliokodolea macho kila leso ipitayo. Yeye wake hakumtazama hata yeye.

Walipanga vyumba viwili Changamwe. Mwaka wa 1982 akajifungua mapacha wa kike, mwezi mzima kabla ya siku zao. Walifanana hata mkunga akamfunga mmoja uzi mweusi mguuni asije akanyonyeshwa mara mbili. Mwenye uzi akaitwa Suad, asiye nao Nadhira. Suad alikuwa wa kulia, Nadhira wa kunyamaza. Maziwa hayakutosha wawili. Ilipokwisha arobaini, Bi Nana akaja na gari la kukodi.

"Nipe huyu mtulivu," alisema. "Mimi nina ng'ombe nyumbani. Nitamlea, ukipata nguvu utamchukua."

Kulea mjukuu ni ada ya watu, na bibi hakatazwi. Mwanatumu alimfunga Nadhira kwa kanga mpya, akampa.

Suad alitimia mwaka, akatimia miwili, akatimia mitatu. Hakusema neno. Ukimwita hageuki, lakini kijiko kikianguka nyumba ya tatu atasikia, ataziba masikio na kupiga kelele mpaka sauti ikauke. Alikaa akivuma, mvumo mmoja mzito, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mzinga. Mamake akisuka, yeye alizikusanya chane za ukindu akazipanga sakafuni, nyembamba kwanza, pana mwisho, na ole wake atakayeisogeza mojawapo.

Kila Ijumaa Mwanatumu alikwenda Port Reitz kumtazama Nadhira. Alimkuta mapajani kwa Bi Nana, kapakwa wanja, kimya.

"Mwite mamako," Bi Nana humwambia mtoto. Mtoto hutazama bangili. "Akuonea haya. Jana tu kaniita Bibi, mara tatu. Haya kayatoa kwa babake."

Na Mwanatumu aliamini, kwa kuwa alitaka kuamini. Mtu mwenye kidonda mguu mmoja hapendi kuuchungua mwingine.

Siku moja ya mwaka wa 1985 aliitwa Port Reitz. Sebuleni alimkuta Bi Nana na mashangazi wawili wa Jaffar, na Jaffar mwenyewe kwenye kiti cha pembeni, akizitazama ndara zake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Keti kitako." Bi Nana hakumpa kahawa, naye akajua hapo hapo kuwa jambo si zuri. "Mwanatumu, nambia. Watoto hawa ni wa tumbo moja?"

"Ndiyo, Mama."

"Siku moja? Uso mmoja?"

"Ndiyo."

"Wangu mzima. Wako kaharibika. Tofauti yao ni nini?"

Shangazi mmoja akamjibia. "Tofauti ni ziwa. Mmoja kanyonya wewe, mmoja kanywa ng'ombe. Na ng'ombe hana mwanamume wa pembeni."

Shangazi wa pili alicheka, akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Mimi sina mwanamume," alisema Mwanatumu.

"Na Ngowa?" Bi Nana akauliza. Ngowa alikuwa fundi redio, mlango wa pili kutoka kwao Changamwe. "Kaitengeneza redio yako mara mbili mwezi mmoja. Redio gani hiyo iharibikayo mara mbili mwezi mmoja?"

"Ya mwanao! Mwanao huifungua aone ndani, akashindwa kuirudisha!" Akamgeukia mumewe. "Jaffar, sema. Wallahi si wewe ufunguaye redio?"

Jaffar alizitazama ndara. Watu wote walingoja. Redio ni yeye aliyeifungua, na alijua ni yeye, na neno moja lake lingetosha. Lakini mbele ya wanawake wanne wanaomtazama, Jaffar alikuwa kama kisima kilichokauka. Alitikisa kichwa, si ndiyo, si la. Bi Nana akamwambia, "Basi mwache." Naye akasema, "Nimekuacha, nimekuacha, nimekuacha," kwa sauti ile ile aliyotajia majina ya meli.

Wengine huachwa kwa uvivu, wengine kwa utasa. Mwanatumu aliachwa kwa uzinifu ambao hakuuona hata ndotoni, na hukumu yake alikatiwa na mtoto mmoja aliyekuwa mapajani mwa bibi yake akitazama bangili. Alipoomba apewe Nadhira, aliambiwa, "Umharibu na huyu?"

Alirudi Shika Adabu na Suad mgongoni na bunda la nguo. Babake alikwisha kufa. Mamake alimpokea, akaishi miaka minne zaidi, akafa akiwa bado hajui aamini lipi. Siku zake za mwisho alimuuliza binti yake, "Mwanangu, tuko wawili tu hapa. Ni kweli au si kweli?" Mwanatumu husema talaka haikumuuma kama swali lile.

Alisuka mikeka akauza. Wanawake walinunua, ila mwenye mtoto mchanga alituma mtu mwingine aje kumchukulia, ili yeye asikae karibu na Mwanatumu. Kwenye harusi hakupewa kazi ya jikoni. Mishi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye pekee aliyeingia kwake, na hata Mishi aliingia na maneno. "Dada, tubu tu, Mungu ni mwenye kusamehe." "Nitubu nini, Mishi?" Mwanatumu humuuliza. "Wewe tubu, atajua mwenyewe."

Kila Idi alivuka feri na kwenda Port Reitz na nguo aliyomshonea Nadhira, kwa kipimo cha Suad. Mwaka mmoja mtoto amelala. Mwaka mwingine amepelekwa Malindi. Mara moja alimwona kwa mbali, ana miaka mitano, kaketi kwenye mkeka kainamisha kichwa, na wageni wanamsifu: "Tazama haya! Watoto wa siku hizi hawana haya kama huyu!" Alipotaka kumsogelea, alichukuliwa ndani. Kisha mtoto akafika miaka kumi, na jibu likawa moja: "Nadhira ametawa. Hatoki mbele ya watu." Mwari aliyetawishwa haulizwi wala hachunguliwi, ni sifa ya nyumba kwamba haonekani. Hakukuwa na pazia zito kuliko hilo.

Nguo zilipokewa mlangoni.

Mwaka wa 1993 Suad alijiuma mkono, kidonda kikaoza. Mwanatumu akampeleka kliniki. Alimkuta daktari mgeni, Kahindi, kijana wa Kilifi, aliyefunga kidonda kisha asiwafukuze kama walivyofanya wa kabla yake. Alimtazama Suad akipanga vifuniko vya chupa za dawa mezani. Alimwachia avipange. Halafu akaanza kuuliza, na maswali yake hayakuwa na jini wala mganga. Alisema lini? Hupenda kushikwa? Kwenu kuna mtu ambaye hapendi vyakula vyake vigusane? Mtu asiyemtazama mwenzake machoni? Mtu anayejua sana jambo moja, lakini salamu zimshinde?

"Babake," alisema Mwanatumu.

Daktari akataja jina la Kizungu ambalo hakulishika. Siku hizi husikia watu wakiliita usonji. Akamweleza polepole, huku akiandika. Jambo hili aghalabu huanzia kwenye koo, mara nyingi pande zote mbili, punje ndogo ndogo zilizotawanyika kwa watu ambao hakuna aliyewahesabu kuwa wagonjwa. Nyingi zikimwangukia mtoto mmoja, ndio huwa hivi. Na kuzaliwa kabla ya siku, au ugonjwa wa mimba, pengine huongeza. Mengine bado hayajulikani, hata huko Ulaya.

"Na maziwa?" aliuliza Mwanatumu.

"Maziwa gani?"

"Ya mama. Yakichafuka."

"Ah, mama, maziwa hayana neno hapa." Hata kichwa hakuinua. Miaka minane Mwanatumu aliyasubiri maneno hayo, nayo yalitoka kinywani mwa mtu anayetafuta wino kwenye kalamu. "Ana ndugu?"

"Pacha wake. Lakini huyo ni mzima. Kalelewa na bibi yake."

"Wanafanana?"

"Kama visigino vyangu viwili."

Kalamu ikawekwa chini. "Mama, huo uzima wake umeuona kwa macho yako?"

Mwanatumu akamkumbuka mtoto aliyetazama bangili.

"Si lazima wawe sawa," alisema daktari. "Lakini mapacha wa namna hiyo, mmoja akiwa hivi, mara nyingi na mwenzake huwa hivi. Nenda ukamtazame."

Alikwenda juma lile lile. Bi Nana alimsimamisha kizingitini. "Ametawa. Huelewi Kiswahili?" Mlango ukafungwa.

Basi akangoja. Kama ingekuwa kazi ya kuvunja mlango angevunja, lakini nyumba za watu kama wale hazivunjwi, huingiwa siku zinapokuwa wazi. Haikupita miezi miwili mzee Abdillahi, babake Jaffar, akafariki. Matanga hayana hodi. Aliyeachwa, aliyegombana, adui wa miaka kumi, wote huingia wakakaa mkekani, na mwenye nyumba hana mdomo wa kumwambia mtu toka. Mwanatumu alimwacha Suad kwa Mishi, akavaa buibui, akavuka.

Sebule ilijaa wanawake, wengine ukumbini, wengine mpaka uani. Yasini ilikuwa inasomwa. Barakat, mke mpya wa Jaffar, binti wa watu wa dukani, alikuwa akigawa kahawa, tumbo limetangulia mbele. Mwanatumu aliketi karibu na mlango wa kuendea nyuma, akainamisha kichwa. Ndipo wasomaji walipotua kuvuta pumzi, na katika kimya kile akausikia.

Mvumo. Nyuki ndani ya mzinga.

Kwanza alidhani ni masikio yake yamezoea. Kisha akakumbuka kuwa Suad yuko kwa Mishi, Likoni. Alisimama, akapita kama mtu anayetafuta choo, akafuata mvumo mpaka mlango wa mwisho, akausukuma.

Nadhira alikuwa chini, mgongo ukutani. Nywele zimetiwa mafuta, zimesukwa vizuri, gauni safi. Hakuwa amepigwa wala amekondeshwa; si haki kusema hivyo. Mbele yake alikuwa amefumua ncha za leso nzima na kuzipanga nyuzi sakafuni, fupi kwanza, ndefu mwisho. Pembeni yake zilikuwa sahani tatu: wali, samaki, mchuzi. Hakuinua uso. Gauni lilikuwa lile lililoshonwa kwa kipimo cha Suad.

"Nalijua utakuja siku moja," Bi Nana alisema nyuma yake, akafunga mlango.

Mwanatumu akamgeukia. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Wewe… ulisema anakuita Bibi."

"Angeniita. Nilingoja." Mkongwe yule alijiketisha juu ya sanduku, na kwa mara ya kwanza Mwanatumu aliuona uzee wake. "Babake alikuwa hivi hivi. Jaffar hakusema mpaka miaka sita. Nilimfundisha neno baada ya neno, kama afundishwavyo kasuku. Na sahani zake tatu. Akapona, akawa karani. Nikasema na huyu atapona, kimya kimya, bila watu kujua."

"Ulijua!" Mwanatumu akasema. "Ulijua ni ya kwenu, ukanipa mimi uzinifu!"

"Na ningefanyaje? Nina binti watatu walikuwa hawajaolewa. Watu wangesikia kwa kina Abdillahi kuna damu mbaya, nani angekuja kuposa? Wewe ulikuwa mmoja."

Wewe ulikuwa mmoja. Kama vile mtu hutupa ndizi moja iliyooza ili asiutupe mkungu mzima.

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na wanawake hawapungui themanini. Walikuwamo mashangazi wale wawili. Walikuwamo watu wa Likoni. Mwanatumu alikuwa na jambo moja tu la kufanya: amshike Nadhira mkono, amtoe mpaka sebuleni, aseme, Tazameni. Huyu hakunyonya kwangu baada ya arobaini. Jina lake lingerudi kwake kabla ya dua ya mwisho. Bi Nana aliyasoma hayo machoni mwake.

"Waweza kumtoa," alisema. "Utasafika. Lakini babake ni Jaffar, na wazee wa kukata shauri hapa ni wetu. Kesho nampeleka kwa watu wangu mbali, na wewe humwoni tena. Au nyamaza, mchukue leo. Mimi nimechoka, Mwanatumu. Simwezi tena. Amekuwa na nguvu."

"Nikunyamazie mpaka lini?"

Bi Nana akautoa msahafu wa marehemu juu ya rafu. "Apa."

Mwanatumu aliutazama ule msahafu, akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa anasogeza uzi mmoja kwa ncha ya kidole. "Nitaapa mpaka ufe," alisema. "Si zaidi. Ukifa, Mama, ulimi wangu ni wangu."

"Utanitakia mauti kila siku."

"Sitakuwa na haja. Mimi nina subira, wewe ndiye uliyenifundisha."

Akaapa. Akamtoa binti yake kwa mlango wa uani.

Mwenye kutaka mwisho mtamu angesema mapacha walikumbatiana. Feri ilipopiga honi Nadhira alijitupa chini akapiga mayowe mpaka wakafika ng'ambo, na watu wakampisha mama yake kama anayembeba maiti. Nyumbani, Suad aliposikia mvumo usio wake, aliziba masikio na kugonga kichwa ukutani. Miezi mitatu kila mmoja alikaa chumba chake. Kisha siku moja Mwanatumu akawakuta ukumbini, wamepeana migongo, mmoja na chane zake, mmoja na nyuzi zake, wanavuma pamoja. Hapo ndipo aliponunua kikombe cha pili cha chai.

Na bombani? Bombani Mishi alikwisha kusema. Mishi huyo huyo aliyemlindia Suad siku ile. "Jamani, mwanamke yule ana mkosi! Yule pacha mzima, aliyekuwa mwari wa watu, mwenye haya, kamleta hapa, hata mwezi hakukaa. Kaharibika kama mwenzake! Hata ziwa halihitaji tena, mkono wake watosha!"

Mwanatumu aliyasikia akiwa kwenye foleni, dumu mkononi. Neno moja lilikuwa kinywani mwake, na msahafu ulikuwa juu ya neno hilo. Alijaza maji, akajitwika, akaenda zake. Akaenda zake hivyo miaka minne.

Bi Nana alikufa mwisho wa mwaka wa 1997, wakati wa uchaguzi, siku za mvua zisizokoma. Habari ilipofika Shika Adabu, Mwanatumu hakufurahi, wala hakulia. Alivaa buibui. Njia nzima aliyapanga maneno yake kama Suad apangavyo chane, mafupi kwanza, marefu mwisho.

Wanawake walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Karibu na mlango aliketi Barakat na mwanawe Yeslam, wa miaka minne. Mtoto alikuwa akizungusha kifuniko cha sufuria sakafuni. Kikianguka, alikizungusha tena. Mtu mmoja akamwita, asigeuke.

"Ana haya huyu," mama mmoja akasema.

"Haya?" shangazi wa Jaffar akamnong'oneza jirani, kwa mnong'ono wa kusikika. "Miaka minne hajatamka hata Mama. Mimi nasema Barakat aulizwe. Huyu alinyonyeshwa huku mamake ashinda dukani na wanaume."

Barakat aliinamisha kichwa. Mwanatumu aliiona shingo ile iliyoinama, akaijua kama aijuavyo yake.

Akasimama. Alisema yote: sahani tatu, redio, pacha wa chumba cha nyuma, maneno ya daktari, Jaffar aliyeanza kusema akiwa na miaka sita, kiapo. "Hayo si haya," alisema akimwonyesha Yeslam, "na si maziwa. Ni ya ukoo huu, na pengine kidogo ya ukoo wa kila mmoja wenu. Mimi sikuzini. Na Barakat huyu hakuzini."

Kisha shangazi akasema, taratibu, kama mtu anayemsikitikia:

"Mwanatumu, miaka minne hii ulikuwa na mdomo. Leo marehemu hawezi kukujibu, ndio wasema?"

"Niliapa! Aliniapisha yeye!"

"Nani alikusikia ukiapa?"

Hakuna. Walikuwa watatu mle chumbani. Mmoja kafa, na wa pili hasemi.

"La haula," wakasema wanawake. "Kwenye matanga ya watu!" Mmoja akamshika mkono, si kwa nguvu, akamsindikiza nje kama amsindikizavyo mgonjwa. Jaffar alikuwa barazani na wanaume. Alipomwona alizitazama ndara zake.

Alikuwa amefika barabarani aliposikia nyayo nyuma yake. Ni Barakat, buibui limemteleza, Yeslam mgongoni na kifuniko chake.

"Dada."

Mwanatumu alimtazama. Mwanamke huyu alikuwa amelala kwenye kitanda chake, kala kwenye sinia ambazo yeye hakuachiwa hata moja, na aliishi na mvumo ule nyuma ya ukuta asimwambie mtu.

"Dada, huyo daktari yuko wapi?"

Alitaka kumwambia akamuulize marehemu. Neno lilimfika mpaka kwenye meno. Lakini mtoto alikuwa anakizungusha kifuniko juu ya bega la mamake, anakishika kabla hakijaanguka, anakizungusha tena.

"Likoni, kliniki iliyo juu ya njia ya feri," alisema. "Nenda Jumatano. Na usingoje Jaffar aende nawe, atakwambia ana kazi. Hana kazi, hawezi tu kumtazama daktari."

Akageuka, akaenda haraka. Saa kumi kamili Suad hutaka chai yake kwenye kikombe cha kijani na Nadhira kwenye cha buluu, na mvua ilikuwa imeanza tena.